Muhasaba wa Viwanda: Uchafu wa Eastlands Hushukia Sabaki



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetuneemesha kwa maji na hewa bila ya kututoza thamani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ni nadra kuipata nyumba ya Mwislamu wa pwani isiyokuwa na jamaa Nairobi, na wengi wa jamaa zetu hao wanaishi mitaa ya Eastlands: Majengo ya Pumwani, Eastleigh, Kaloleni, Buruburu, Umoja na Kayole. Tunapowazuru wakati wa Idi au arusi, mara nyingi mwenye nyumba hufunga dirisha kwanza, ndipo akatukaribisha chai. Hulifunga kwa ajili ya moshi wa jaa la Dandora, au harufu ya mto, au vumbi la karakana iliyo jirani. Mama akianua nguo kambani huzikuta zina masizi. Watu wamekwisha kuyazoea mambo haya, na huko kuzoea ndiko kunakotutia hofu zaidi.

Tusidhani kuwa hiyo ni shida ya watu wa bara peke yao. Mto Nairobi hupita Gikomba na Shauri Moyo, kisha ukaelekea Korogocho na Dandora. Mwenzake, Mto Ngong, hupita eneo la viwanda na vijiji vya Mukuru kabla ya wawili hao kukutana. Maji yao huingia Mto Athi. Athi ukisha kupita Tsavo huitwa Galana. Nasi wa pwani tunaujua kwa jina la Sabaki, pale unapomwagika baharini baina ya Malindi na Mambrui. Basi anachokimwaga mwenye kiwanda mtoni kule juu, hakiishii kule juu.

Mtume wetu (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa kuchoka kupanda juu kuteka maji, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote huzama; wakiwazuia, wote husalimika. Sisi tuliolelewa na bahari tunaufahamu mfano huo kuliko wengi. Ila katika habari ya mito yetu, wanaotoboa ndio walio juu.

Madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Risasi haimuumizi mtoto siku moja akalia. Humpunguzia akili na nguvu pole pole, na mwalimu akadhani ni uvivu.

Wala sisi wa pwani hatukusalimika. Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake mchanga ameingiwa na sumu hiyo. Aliacha kazi akasimama pamoja na majirani, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni mamlaka ya serikali yenyewe iliyopaswa kusimamia mazingira. Lakini fedha, hata zikilipwa zote, hazimrudishi aliyefariki.

Hapa tutaulizwa swali la haki, na huulizwa zaidi na akina mama: “Sheikh, viwanda hivyo ndivyo vinavyowalisha watoto wetu. Vikifungwa, nani atalipa kodi ya nyumba?” Swali hili tunaliheshimu. Chumo la halali ni ibada, na hatuiti watu kufunga milango ya riziki. Tunachokiomba ni kitu ambacho dini yetu imekifundisha tangu zamani, nacho ni muhasaba: mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa, na kuhakikisha kuwa leo yake ni bora kuliko jana yake. Mja haambiwi awe malaika kwa usiku mmoja. Huambiwa asibaki pale alipokuwa.

Wenye viwanda wa leo wanao muhasaba wao, japo hawauiti hivyo. Kipo kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira kiitwacho ISO 14001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Msingi wake ni mambo manne: kupanga, kutenda, kupima na kurekebisha, kisha kuanza tena. Kampuni hupima maji inayotumia, umeme, moshi inaoutoa, taka inazozitupa na maji machafu yanayotoka. Mwaka wa pili hupima tena, ikatazama kama imepunguza. Isiyopima haiwezi kusema imepunguza, kama vile asiyeandika deni hawezi kusema amelimaliza.

Mfano mzuri tunao mlangoni petu. Wengi wetu tumewapeleka watoto Haller Park, Bamburi, kutazama twiga na viboko. Pahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilomea hata jani. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikasimama tatu tu, mvinje mmojawapo. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, basi akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Hakufaulu kwa mara moja. Alijaribu, akapima, akarekebisha, mwaka baada ya mwaka. Mnyama ambaye watoto wetu humchokoza kwa kijiti ndiye aliyesaidia kulifanya jangwa kuwa msitu.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliunda NEMA, na kanuni za mwaka 2003 zikawataka wenye viwanda wafanye ukaguzi wa mazingira na kupeleka ripoti. Sheria ya taka ya mwaka 2022 imemtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kuitupa. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata bila ya kuthibitisha kuwa kuna aliyekwisha kudhurika. Maana yake, mama wa Kayole hana haja ya kungoja mwanawe augue.

Lipo jambo moja tunapenda kulisema wazi. Baadhi ya makampuni hugawa tende na unga mwezi wa Ramadhani, au hupaka rangi madarasa ya shule, ilhali bomba la nyuma ya ukuta linamwaga sumu mtoni. Sadaka ni njema, na mwenye kutoa tunamwombea kheri. Lakini haki za waja hazifutwi na sadaka. Aliyemdhulumu jirani hutakiwa kwanza aache dhuluma, arudishe haki, na aombe radhi. Kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara huondolewa. Haikusemwa kwamba madhara hulipiwa futari.

Sasa tufanye nini? Kwanza tuanze na wetu. Miongoni mwetu wamo wenye mikahawa, karakana, maduka ya rangi na viwanda vidogo vya sabuni, hapa pwani na huko Eastlands. Kila mmoja ajiulize mwisho wa mwaka: oili chafu niliimwaga wapi? Maji nimetumia kiasi gani? Taka zangu alizichukua nani, naye alizipeleka wapi? Aandike majibu yake, na mwaka ujao ayalinganishe.

Pili, tumuulize kwa upole mume, kaka au binti anayefanya kazi kiwandani: je, kazini kwenu hupimwa? Yeye ndiye wa kwanza kuivuta sumu hiyo, na nguo zake za kazi ndizo zinazoileta nyumbani. Nguo hizo zifuliwe mbali na za watoto.

Tatu, wakaazi waungane, msikiti na kanisa kwa pamoja, kwani moshi haubagui dini. Waandike barua kwa NEMA wakiomba kuoneshwa ripoti ya ukaguzi wa kiwanda kilicho jirani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Wasiitake ripoti mara moja wakanyamaza. Waitake kila mwaka, na kila mwaka waulize: mmepunguza nini?

Tulipong'oa mifuko ya plastiki majumbani mwetu, tangu tarehe 28 Agosti 2017 ilipopigwa marufuku, wengi walisema haitawezekana. Vikapu vya ukili vya bibi zetu vikarudi sokoni, na maisha yakaendelea. Mazoea yakivunjika upande mmoja, huvunjika na upande mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie jamaa zetu wa Eastlands siku ambayo mgeni ataingia, na dirisha likaachwa wazi. Wabillahi tawfiq.