Kipupwe cha Kulesa: Baridi Isiyo na Theluji

Mwambie mtu wa bara kuwa pwani nako kuna baridi, atacheka mpaka ashike mbavu. Kwake yeye baridi ni ile ya Limuru, ya kuvaa makoti mawili na kuota jiko mchana. Lakini sisi watu wa pwani twajua kuwa mwaka wetu una mafungu yake, na kila fungu lina hukumu yake. Kuna kaskazi na jua lake, masika na mvua zake, kisha huja kipupwe, ndipo demani na vuli zifuate. Nia yangu leo ni kuzungumza juu ya kipupwe, na hasa kipupwe cha Kulesa, kijiji cha Wapokomo kilichoko kando ya Mto Tana katika sehemu za Garsen, ambako ndiko nilikokulia.

Msomaji aliyewahi kupanda basi la Malindi kwenda Lamu ameuvuka mto huo karibu na Garsen, pengine akiwa amesinzia. Mto huo husafiri kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi baharini. Kulesa na jirani zake, Hewani na Wema, ni vijiji vilivyozaliwa na mto huo. Wapokomo wa huku chini wengi wao ni Wakristo tangu wamishonari wa Kijerumani walipofika Ngao katika miaka ya 1880. Wapokomo wa juu wengi wao ni Waislamu, na Waislamu pia ni jirani zetu Waorma wafugaji. Basi kwetu si ajabu nyumba moja kupelekewa sahani ya wali wakati wa Krismasi, nayo ikairudisha na nyama wakati wa Idd.

Mpunga na ndege

Kipupwe huanza mwezi wa Juni, mvua za masika zikiisha kutuama na pepo za kusi zikishika. Alfajiri ukungu hulala juu ya mto, hata aliye katika mtumbwi husikika sauti kabla hajaonekana. Joto la usiku hushuka hadi nyuzi 20 na kitu. Kwa Mzungu hiyo si baridi, bali kwa mtoto wa Kulesa aliyetumwa shamba kabla ya jua, akiwa na shuka moja tu, baridi ndiyo hiyo.

Na kwa nini atumwe mapema hivyo? Ni kwa sababu ya ndege. Mpunga wetu hupandwa kwa kutegemea gharika ya masika. Maji ya mto hufurika mwezi wa Aprili na Mei, yakaacha tope lenye rutuba, na mpunga hukua nayo. Ifikapo Julai masuke yamejaa maziwa, na hapo makundi ya ndege hushuka kama wingu. Kuamia ndege ndiyo shule ya kwanza ya mtoto wa mtoni. Hupanda juu ya dungu na kombeo lake, akapiga kelele kutwa nzima, na jioni sauti imekauka. Mimi mwenyewe nimeamia misimu mingi, na hata leo nikisikia kishindo cha mbawa nyingi mkono wangu hutafuta jiwe.

Wakati huohuo maji hurudi mtoni na kuacha madimbwi yaliyojaa kambare. Wazee hutega migono, watoto hushika kwa mikono, na nyumba zote hunuka samaki wa kukaushwa kwa moshi. Usiku watu huota moto, na hapo ndipo hadithi na vitendawili hutoka. Wakati wa joto kila mtu hutafuta upepo wake peke yake, lakini baridi huwakusanya watu mahali pamoja.

Hesabu ya siku

Mwaka 2018 nilikuwa Lamu, nikapata kuzungumza na fundi mmoja Mchina aliyekuja kwa kazi ya ujenzi wa bandari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini cha kutosha. Akaniuliza, "Kwenu kuna baridi? Na sikukuu ya baridi mnayo?" Nikamtaka kwanza anieleze ya kwao.

Akanieleza kuwa kwao kaskazini mwa Uchina, siku ya 21 au 22 Desemba, usiku unapokuwa mrefu kuliko usiku wote wa mwaka, jamaa hukusanyika wakala vyakula vya unga vilivyofungwa nyama ndani na kuchemshwa, mithili ya sambusa isiyokaangwa. Umbo lake ni kama sikio, na wazee wao husema asiyekula siku hiyo masikio yake yataganda. Watu wa kusini mwa nchi hiyo hula vidonge vya unga wa mchele. Kisha huanza kuhesabu siku tisa mara tisa, yaani siku 81, ndipo baridi iishe. Zamani walichora ua lenye petali 81, wakawa wanapaka rangi petali moja kila siku. Ua likijaa rangi, baridi imekwisha.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka hesabu ya wazee wa pwani yetu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idd hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa muda wa miaka 33 hivi huzunguka majira yote. Hiyo ni hekima yake, ili kila kizazi kifunge katika joto na katika baridi. Lakini mkulima na baharia hawawezi kupanda wala kusafiri kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana Waswahili walishika pia mwaka wa jua, unaoanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, neno lenye asili ya Uajemi. Mwaka huo una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Mzee angeulizwa lini apande, angejibu kwa mwongo wala si kwa mwezi.

Siku ya Mwaka yenyewe huangukia kipupwe. Makunduchi, Unguja, husherehekewa mwezi wa Julai, na katika miji yetu ya Lamu na Mombasa zamani ng'ombe alizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa sadaka. Wako masheikh wanaoyakataa mambo hayo, na wako wanaoyaona kuwa desturi tu. Ugomvi huo siuingilii. Ninalosema ni kuwa Mchina na petali zake na Mswahili na miongo yake waliisumbukia haja moja, kujua majira kabla majira hayajawakuta.

Ng'ombe wakiingia

Nikamjibu yule fundi kuwa sikukuu ya kipupwe tunayo, ila haina tarehe. Huja mpunga unapovunwa, Agosti na Septemba. Mchele mpya una harufu ambayo wa dukani hauna. Wengi wa wasomaji wangu wanaijua pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa, ukaliwa na nazi na sukari. Basi wanajua ladha ninayoisema. Harusi nyingi hungoja wakati huo, na vijana hucheza mwaribe mwezi ukiwa mpevu.

Lakini sikukuu hiyo ina mgeni wake. Mvua zikiisha, malisho ya nyikani hukauka, na Waorma huwateremsha ng'ombe wao mtoni kwa njia ziitwazo malka. Mapatano ya wazee yalikuwa mepesi: ng'ombe apite malka yake anywe maji, na mavuno yakishaingia ghalani, aingie shambani ale mabua. Shamba likapata mbolea, mfugaji akapata malisho, maziwa yakabadilishwa kwa mchele. Siku ng'ombe walipoingia kwa ruhusa ndipo sisi watoto tulipojua kuwa mwaka umekwenda vizuri.

Utamu wa mapatano hayo ulitegemea jambo moja, nalo ni maji kuja kwa wakati wake. Gharika ikichelewa au ikipungua, mpunga huchelewa kuiva, na ng'ombe hawawezi kungoja kwa kuwa kiu haina subira. Huku juu ya mto yamejengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taifa limepata taa, na hapana anayelikana hilo. Lakini maji ya Mei hayana tena nguvu zake za zamani. Halafu mvua ikizidi mno, kama wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwisho wa 2023 na mwaka 2024, mto huja kwa kishindo ukachukua mashamba na nyumba.

Mwaka 2012 mapatano yalivunjika. Tarehe 22 Agosti, siku chache tu baada ya Idd, katika wakati uleule wa mavuno, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Wiki tatu baadaye damu ikamwagika Kilelengwani, na mwezi wa Desemba, Kipao. Hadi Januari 2013 waliokufa katika Delta walikuwa wamepita 100, Waorma na Wapokomo. Siasa ilikuwamo, na mengi yamesemwa juu yake. Lakini mkulima na mfugaji walikuwa wamekwisha kuchoka kungojana.

Yaliyobaki na yaliyochukuliwa

Zamani jambo kubwa kama hilo lingeitiwa watu kwa ngadzi, ile ngoma kuu ya Wapokomo iliyosikika lakini haikuonwa na kila mtu. Wakoloni waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na hata leo imo mikononi mwa British Museum, London. Wazee wameidai, bado hawajaipata. Sauti nyingine ya mto, kinyume chake, kila Mkenya anaijua. Wimbo wa taifa wa 1963 ulitengenezwa juu ya tuni ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Watu husimama wima kwa kitu kilichotungwa ili mtoto alale!

Wazee wanaojua gharika hufika lini, malka ipi ni ya nani, na ng'ombe huruhusiwa siku gani, wanapungua kila mwaka. Mwaka 2012 Delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi zenye maji zenye thamani duniani. Heshima hiyo tumeipokea. Hata hivyo orodha haimjulishi kijana wa Kipokomo na kijana wa Kiorma wangojane vipi. Hilo hufundishwa nyumbani, na laweza kufundishwa shuleni pia, kwa kuwaalika wazee wa pande zote mbili mbele ya darasa moja, kabla hawajatutoka.

Na mabwawa nayo yaweza kusaidia. Maji yanayozuiliwa yaweza pia kufunguliwa kwa kiasi na kwa wakati, mwezi wa Aprili na Mei, ili mashamba ya chini yapate gharika yake. Wataalamu wamelizungumza jambo hilo kwa miaka mingi, na bwawa jingine kubwa zaidi, la High Grand Falls, limekuwa likipangwa. Kabla halijajengwa, waulizwe watu wa Kulesa maji yao huja mwezi gani. Jibu wanalo, nao hawahitaji ua la petali 81 kulihesabu. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, lakini siku hizi mkondo una mwenye funguo, na sisi tulio chini twamwomba akumbuke kipupwe.