Dizeli ya otomatiki iliyotumika: Uliza oili kabla ya kusifu rangi

Mzee mmoja, jirani yetu, alipostaafu aliamua kutumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua gari. Halikuwa jipya, lilikuwa limetumika nchi za nje kwa miaka kadhaa. Lakini rangi yake iling'aa, viti vyake vilikuwa safi, na injini yake ya dizeli iliunguruma kwa upole. Mkewe alimwuliza jambo moja tu: "Mume wangu, na giaboksi mmeikagua?" Mzee akajibu kwamba gari ni la otomatiki, halina klachi ya kukanyaga, kwa hiyo hapana cha kukagua.

Mwezi wa tatu walisafiri kwenda Njombe kumpeleka mjukuu shuleni. Walipoanza kuupanda Mlima Kitonga, injini ilizidi kupiga kelele huku mwendo ukizidi kupungua, hata mwishowe gari likasimama. Injini ilikuwa nzima. Kilichokufa ni giaboksi. Gharama ya kuitengeneza ilimeza fedha ambazo mama alikuwa ameziweka kwa ajili ya banda la kuku.

Ndugu msomaji, kosa la mzee huyu halikuwa kununua otomatiki, wala kununua dizeli. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba otomatiki zote ni kitu kimoja, na kwamba kitu kisichokanyagwa hakichakai.

Yafaa kwanza kuelewa mzigo inaoubeba giaboksi ya dizeli. Injini ya dizeli yenye taba husokota kwa nguvu nyingi ingali inazunguka polepole. Mathalani, dizeli ya lita 2.2 ya gari la Mazda CX-5 lililotoka mwaka 2012 hutoa msokoto wa nyutoni-mita 420 kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Injini ya petroli ya lita 2.0 ya gari hilo hilo hutoa karibu nusu yake. Nguvu hiyo yote hupita ndani ya giaboksi kabla ya kufika kwenye magurudumu.

Aina ya kwanza ya otomatiki ndiyo kongwe. General Motors ya Marekani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1939 kwa jina la Hydra-Matic. Badala ya klachi ya kukanyaga, injini huisukuma giaboksi kwa njia ya oili. Fikiria mapangaboi mawili yanayoelekeana: moja likiwashwa, upepo wake hulizungusha la pili. Hapa upepo ni oili. Kwa kuwa oili hupokea mshtuko wa kuondoka, aina hii huivumilia dizeli vizuri, na ndiyo iliyomo katika Toyota Prado nyingi za dizeli za otomatiki na katika Mazda tuliyoitaja. Adui zake wakubwa ni joto na oili iliyochoka.

Aina ya pili ni ya klachi mbili. Ni kama giaboksi mbili za mkono ndani ya boksi moja: moja hushika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Kompyuta huzipokezanisha upesi sana. Volkswagen ilianza kuiuza mwaka 2003 kwa jina la DSG. Hapa yapasa kutofautisha. Ile ya gia 6 iliyoanza wakati huo ina klachi zinazooga ndani ya oili, na hustahimili dizeli kubwa kiasi, ila oili yake sharti ibadilishwe kila kilometa 60,000. Ile ya gia 7 iliyoletwa mwaka 2008 kwa injini ndogo ina klachi kavu. Hiyo haipendi foleni za kusogea hatua moja moja, kwa maana klachi huteleza na kupata moto. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu ya hitilafu za DSG.

Aina ya tatu haina gia za hatua. Ina mkanda unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliitoa mwaka 1958, ikitumia mikanda ya mpira. Leo mikanda ni ya chuma, lakini msokoto mkubwa bado ni mzigo kwake, ndiyo maana ni adimu katika dizeli. Audi iliitumia, ikaiacha mwaka 2014.

Aina ya nne ni giaboksi ya mkono ya kawaida, yenye klachi moja, iliyopewa mashine ya kuikanyagia klachi na kuibadilishia gia. Ni rahisi, lakini hukusukasuka kila gia inapoingia, na klachi yake huisha kama klachi yoyote.

Basi, mnunuzi afanye nini? Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, kwa maana ubovu mwingi hujificha giaboksi ikishapata moto, na mwingine huonekana hapo tu. Lijaribu katika hali zote mbili. Mguu ukiwa kwenye breki, peleka mkono kwenye D, kisha R. Gari likikawia kuitika, au likigonga kwa kishindo, tia shaka. Lipandishe mlima: mizunguko ya injini ikipanda lakini mwendo usiongezeke, giaboksi inateleza. Katika mwendo wa wastani likitetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta madogo, usilipie.

Kisha tazama oili. Oili mpya ya otomatiki nyingi huwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mna uchakavu ndani. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti cha kuipimia, hivyo gari halina budi kuinuliwa na fundi anayeaminika, achunguze pia kama mna vipande vya chuma.

Wako watakaokuambia kwamba oili hiyo ni ya maisha, haibadilishwi. Maisha ya nani? ZF ya Ujerumani, inayotengeneza otomatiki za kampuni nyingi, yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au ifikapo miaka 8. Gari lililotumika aghalabu limekwisha kufika hapo. Basi unapopanga bei, tenga mapema fedha ya oili ya aina ile ile iliyotajwa na mtengenezaji.

Na likikuharibikia njiani, usikubali livutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka barabarani. Injini ikizimwa, pampu ya oili nayo husimama, na giaboksi hujisaga kavu.

Jirani yetu bado analo gari lake. Siku hizi kijana yeyote wa mtaani anayetaka kununua la kwake humpitia kumwomba shauri. Mzee humsikiliza, halafu humwelekeza ndani kwa mkewe.