Mizani ya Shairi: Mnazi, Mkaa na Haki ya Kujibu

Msimu wa kupanda miti unapokaribia, kamati nyingi za parokia huandaa ngonjera. Watoto wawili husimama mbele ya wageni, mmoja akiwa mchoma mkaa na mwingine bwana misitu. Ubeti wa tatu haujaisha, mchoma mkaa amekwisha kukiri makosa yake. Wageni hupiga makofi. Sisi tunaona kuna jambo la kuelezwa hapa.

Neno mizani lina maana mbili. Ni chombo cha kupimia sokoni, na pia ni hesabu ya silabi katika mstari wa shairi. Shairi lililozoeleka lina mistari minne kila ubeti, na kila mstari una mizani 16: nane upande huu, nane upande ule, na kila upande na kina chake. Sikio la msikilizaji limezoea pande mbili zinazolingana kabla hata hajajua habari yenyewe. Ndiyo maana washairi wa pwani walipenda kujibizana: mmoja akitunga, mwenzake humjibu kwa beti zake.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kwa sababu ya waraka wa mwaka 1968 uliohoji Kenya inaelekea wapi. Gerezani, kati ya 1969 na 1972, alitunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani Sauti ya Dhiki. Moja linahusu mnazi. Ndugu wawili wanaugombania. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini anamtaka ashuke. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa ni nchi. Kinachotugusa ni kwamba mfungwa huyu alimpa aliye juu ya mti beti zake za kujitetea.

Ngonjera ina mkondo wake. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilitumika sana kueleza siasa ya Ujamaa. Wanaobishana huishia kukubaliana. Hatuna ugomvi na hilo, ila makubaliano huwa na uzito pale tu ubishi ulipokuwa wa kweli.

Na mchoma mkaa ana hoja. Kuna michango ya shule. Kuna mvua iliyokatika kabla mahindi hayajabeba. Gunia la mkaa hupata mnunuzi barabarani siku yoyote, wakati mche uliopandwa leo hautampa kitu kwa miaka kadhaa. Bwana misitu naye ana zake: chemchemi inapungua, udongo unachukuliwa na maji, na kuni zinafuatwa mbali zaidi, kwa kawaida na akina mama. Silabi zikilingana huku hoja za upande mmoja zikiwa za mzaha, mizani hiyo ni ya vidole tu.

Tunashauri upande wa mkaa utungwe pamoja na mtu aliyewahi kuchoma mkaa, maana tanuri analijua kuliko katibu wa kamati. Wahisani nao, wakisikia ubeti unaouliza nani atamwagilia miche hiyo kiangazi, wasidhani sherehe imeharibika. Swali hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kijacho.

Kamati zinazotaka kujaribu zianze na beti sita, tatu kila upande, na watoto wapewe wiki mbili za kukariri.