Kompyuta Imeishiwa Kumbukumbu: Mandhari Nzito katika Simuleta ya Ndege



Wengi wenu mnaifahamu simuleta ya ndege, yaani ile programu inayomkalisha mtu katika kiti cha rubani ilhali yuko mezani kwake. Mliozama zaidi mnaifahamu pia balaa yake. Mtu anaondoka Frankfurt na ndege kubwa ya abiria, anavuka Ubelgiji na mlango wa bahari, anaiona London inakaribia. Magurudumu yameshushwa na njia ya kutua ya Heathrow iko mbele yake. Ghafla picha inaganda, unasikika mlio, na yanatokea maandishi kwamba kompyuta imeishiwa kumbukumbu. Programu inajifunga, na safari nzima imepotea zikiwa zimebaki dakika tatu.

Wanaopatwa na jambo hili wengi hukimbilia dukani kununua RAM. Kabla hamjamwomba mzazi fedha hizo, tunataka mjue kwamba katika programu za zamani RAM mpya haiutibu ugonjwa huu. Mtu anaweza kuongeza kutoka GB 4 hadi GB 16, akaondoka tena Frankfurt, na akaangukia pale pale.

Mfano wetu katika makala haya ni Microsoft Flight Simulator X, ambayo watu huiita FSX kwa ufupi. Ilitoka Oktoba 2006, na kampuni ya Dovetail Games ikaitoa upya mwaka 2014 kwa njia ya Steam. Ni programu ya zamani, hilo hatulikatai, lakini wapo wengi wanaoitumia hadi leo kwa sababu kompyuta iliyokuukuu huiweza, na kwa sababu mandhari na ndege za nyongeza zilizotengenezwa kwa ajili yake hazina idadi. Mandhari ya nyongeza ni mafaili anayoyaongeza mtu ili kiwanja fulani, mji au milima ionekane kama ilivyo hasa, badala ya ule mchoro wa jumla uliokuja na programu. Ukiruka kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam kwa mandhari zilizokuja na FSX yenyewe, tatizo hili huwezi kuliona kwa urahisi. Nyongeza ndizo zinazolileta.

Chukulieni daftari la mahudhurio la madrasa ambalo namba ya mwanafunzi imetengewa tarakimu tatu tu. Namba zitaanza 000 na kuishia 999. Wanafunzi elfu moja wakishaandikwa, anayefuata hana namba. Leteni mikeka mia zaidi, jengeni hata ghorofa ya pili, mwanafunzi huyo hataandikika, kwa sababu kilichokwisha si mahali pa kukaa bali ni namba.

Kompyuta nayo huipa kila baiti ya kumbukumbu namba yake, na namba hiyo huitwa anwani. FSX imeandikwa kwa anwani za biti 32. Mkizidisha 2 kwa yenyewe hadi zitimie 2 thelathini na mbili, mtapata 4,294,967,296, yaani GB 4. Huo ndio mwisho wa daftari. Tena Windows ya biti 32 haiipi programu daftari zima, bali hulikata katikati: GB 2 za programu na GB 2 za Windows yenyewe. RAM ni mikeka, na anwani ndizo namba. Maandishi yale yanaposema kumbukumbu imekwisha, kwa kweli yanasema namba zimekwisha, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kuna jambo la pili linalowatatanisha hata waliokwisha kulielewa la kwanza. Wakija ndugu watano wanaotaka kukaa safu moja bila kutenganishwa, na darasani zimebaki nafasi tano, moja mlangoni, mbili dirishani na mbili nyuma, basi nafasi zipo lakini ndugu hao hawakai. Picha kubwa ya mandhari nayo hutaka nafasi iliyoungana. Baada ya saa mbili za kupakia na kupakua, daftari hubaki na vipande vipande, na programu huanguka ingawa ukivijumlisha vipande hivyo unaona vingetosha.

Sasa kwa nini ajali hutokea Heathrow na si Frankfurt? Ndege yenyewe ya nyongeza, kama ina chumba cha rubani kilichochorwa kila kitufe, imechukua sehemu yake tangu mwanzo. Kiwanja cha Frankfurt kimechukua yake. Mnapoondoka, FSX hairudishi kila ilichokichukua. Baadhi ya vitu hubaki daftarini japo viko mamia ya kilomita nyuma. Kisha inakuja London na majengo yake, kiwanja chake, na ndege nyingine kadhaa zilizoegeshwa, kila moja na picha zake. Mzigo wote unagonga mwisho wa safari, wakati rubani ana kazi nyingi kuliko wakati wowote.

Hatua ya kwanza ni kupima, maana si kila kuanguka kwa programu ni kwa sababu ya kumbukumbu. Ikiwa FSX inajifunga bila maandishi yoyote ya kumbukumbu, huenda ni faili bovu au kasoro nyingine. Task Manager ya Windows haitawafaa sana hapa, kwa kuwa huonyesha RAM inayotumika, si anwani zilizotolewa. Ichukueni programu ya bure ya Process Explorer, inayotolewa na Microsoft yenyewe, na ndani yake mfungue safu ya Virtual Size. Irusheni ndege mkiwa mnaitazama namba hiyo. Katika Windows ya biti 64, ikishapita GB 3.5 mjue mwisho u karibu. Wenye FSUIPC, programu ndogo inayotumiwa na marubani wengi wa FSX, wana nafuu zaidi, kwani yenyewe hupiga mlio wa onyo nafasi inapokuwa finyu.

Hatua ya pili ni kulipata daftari lote. Hakikisheni mmeweka Service Pack 2, au nyongeza ya Acceleration ambayo inayo ndani yake. Zote ni za mwaka 2007. Baada ya hapo FSX inaweza kutumia GB 4 kamili, kwa sharti kwamba Windows ni ya biti 64. Aliye na Windows ya biti 32 anaweza kuilazimisha impe programu GB 3, lakini Windows yenyewe hubanwa na huenda ikaanza kuleta matatizo mengine. Kwa rai yetu, kama kompyuta inaiweza Windows ya biti 64, huko ndiko kwa kwenda.

Hatua ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo inahusu picha za kufunikia. Kila jengo, kila bawa na kila kipande cha lami hufunikwa kwa picha kama vile ukuta unavyobandikwa karatasi. Picha ya 1024 kwa 1024 ina nukta 1,048,576. Picha ya 4096 kwa 4096 ina nukta 16,777,216, yaani mara 16. Kwa aina ya ubanaji inayoitwa DXT5 kila nukta huchukua baiti moja, hivyo picha ndogo ni MB 1 na kubwa ni MB 16, kabla ya kuongeza theluthi moja kwa ajili ya nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali. Ndege yenye picha 20 za ukubwa huo imekwisha kula MB 320, na bado haijaondoka kwenye maegesho. Picha isiyobanwa hata kidogo ni MB 64 peke yake! Na mara nyingi picha hizo ni za vitu ambavyo rubani havioni, kama vile upande wa nyuma wa jengo la mizigo.

Ukomo wa picha uko katika faili liitwalo fsx.cfg, kwenye mstari wa TEXTURE_MAX_LOAD. FSX ilikuja na 1024, lakini nyongeza nyingi zinapowekwa huupandisha hadi 4096, au huwaambia wenyewe mwandike hivyo. Urudisheni 1024, au 2048 kama macho yenu hayaridhiki, na programu haitapakia zaidi ya hapo hata kama faili lenyewe ni kubwa. Faili hilo liko ndani ya folda iliyofichwa: AppData, kisha Roaming, kisha Microsoft, kisha FSX. Fanyeni nakala yake kwanza na muiweke mahali pengine. Pia chini ya kichwa cha GRAPHICS ongezeni mstari HIGHMEMFIX=1, unaotibu picha zinazopotea au kugeuka nyeusi; wenye toleo la Steam hawauhitaji, umeshawekwa.

Katika faili hilo hilo kuna LOD_RADIUS, yaani umbali ambao ardhi huchorwa kwa undani. Kawaida yake ya juu ni 4.5. Wapo wanaoipandisha hadi 6.5 ili milima ya mbali ionekane vizuri, wakidhani wameongeza kidogo tu. Lakini eneo la duara huenda kwa mraba wa nusu kipenyo, na mraba wa 6.5 ni zaidi ya mara mbili ya mraba wa 4.5. Ardhi ya kupakia imezidi maradufu. Irudisheni.

Mengine ni ya kupunguza ndani ya programu yenyewe: wingi wa miti na nyumba zinazojichora, na idadi ya ndege nyingine angani na viwanjani. Katika maktaba ya mandhari ondoeni alama kwa kila eneo lisilo katika safari ya leo. Anayekwenda London hana haja ya New York kuwa tayari. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoachwa kuliko zote, lakini haigharimu hata senti.

Na kwa safari ndefu kuna hila moja ya zamani. Kabla ya kuanza kushuka, mkiwa bado juu na ndege imetulia, ihifadhini safari kwa kitufe cha nukta mkato, ifungeni FSX kabisa, kisha ifungueni upya na kuendelea kutoka hapo. Daftari litaanza jeupe, na Frankfurt haimo tena. Baadhi ya ndege za nyongeza zenye mifumo mingi hazirudi sawasawa, hivyo jaribuni kwanza kwa safari fupi.

Msiangaike na programu zinazojitangaza kuwa husafisha RAM. Hazigusi anwani, na baadhi yake hubeba virusi. Kadhalika kuikuza ile sehemu ya diski ambayo Windows huitumia kama kumbukumbu ya akiba hakusaidii hapa, kwani huko nako ni kuongeza mikeka. Hata kadi kubwa ya picha iliwahi kuzidisha tatizo: Windows Vista ilipotoka, iliweka nakala ya kumbukumbu ya kadi ndani ya daftari lile lile la programu, mpaka Microsoft ikatoa marekebisho mwaka 2007.

Simuleta za baadaye zimeliondoa daftari la tarakimu tatu. X-Plane ilipata toleo la biti 64 mwaka 2013, Prepar3D ya Lockheed Martin mwaka 2017, na Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilizaliwa nayo. Humo namba hazitaisha katika maisha yetu, na hivyo zamu ni ya mikeka. Toleo la 2020 lilitaka RAM isiyopungua GB 8 na likapendekeza 16. Lile la 2024 linataka 16 na linapendekeza 32. Mwenye programu hizo akiona Task Manager inaonyesha RAM imejaa kila akaribiapo mji mkubwa, basi kwake ununuzi una maana. Kabla ya kwenda dukani afungue kompyuta aone ni RAM ya aina gani, DDR3 au DDR4 au DDR5, kwa sababu haziingiliani, na asome katika kitabu cha ubao mkuu ni GB ngapi unazikubali na nafasi ngapi za kuchomeka zimebaki wazi.