Sajini na Makuruta Wake: Somo kwa Sisi Wazazi

Ipo filamu ya zamani ya Uingereza, isiyo na rangi, inayochekesha na ambayo pia ina neno kwa kila mlezi. Inaitwa Carry On Sergeant. Ilitoka mwaka 1958, ikiongozwa na Gerald Thomas.

Siku zile vijana wa kiume Uingereza walilazimika kulitumikia jeshi kwa miaka 2. Wengine walipelekwa mbali, hata Malaya na Kenya. Wa mwisho waliitwa mwaka 1960. Hakuna mama aliyeulizwa kama yu tayari kuachana na mwanawe.

Katika filamu, Charlie Sage anapata barua ya kuitwa jeshini siku ile ile ya harusi yake. Bibi harusi, Mary, hakubali kubaki nyuma. Anamfuata na kujipatia kazi katika kantini ya kambi. Yupo pia Horace Strong, ambaye kila siku ana ugonjwa mpya, ingawa daktari haoni kitu. Kwenye gwaride, kuruta huyu anageuka kulia, yule kushoto.

Mwalimu wao, Sajini Grimshaw, ameigizwa na William Hartnell. Anakaribia kustaafu, na hajawahi kutoa kikosi kilichokuwa cha kwanza. Ameweka dau la paundi 50 na mwenzake kwamba hawa wa mwisho watashinda. Kamari hatuisifu, lakini hamu yake tunaielewa. Anaacha makelele, anajaribu upole. Hata hivyo makuruta wanazidi kuharibu.

Hapo ndipo penye somo. Sisi wazazi hudhani njia ni mbili tu: kukaripia au kubembeleza. Lakini kikosi hiki kilibadilika usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho, vijana walipopata habari ya tumaini la sajini na jinsi anavyochekwa kwa ajili yao. Hakuna aliyewaamuru. Walikubaliana wenyewe, wakajitahidi kila mmoja, wakawa wa kwanza. Mwishoni walimpa sajini zawadi ya kiberiti cha sigara.

Je, mwanao anajua unachokitumaini kwake? Mungu anakijua, maana unamwambia kila usiku katika sala. Jirani anakijua pia. Lakini mtoto mwenyewe husikia tu kwamba hajafagia, hajasoma, amechelewa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba ukali wa mzazi huweza kuuvunja moyo wa mtoto. Kumbe hata upole hautoshi, kama mtoto hajui unamwamini.

Leo jioni, kabla hamjalala, mwite kando. Mweleze wema unaouona ndani yake, na unachomwombea. Usimalizie kwa kumlaumu.

Tahadhari moja: filamu hii ilifuatwa na nyingine 30 za mfululizo huo, na nyingi zina mizaha isiyofaa watoto. Zitazame kwanza wewe mwenyewe.