Nukta ya Toleo Si Nukta ya Desimali

Kuna chemshabongo inayopendwa na wanaojifunza kuandika programu: unapewa namba ya toleo, nawe utaje toleo linalofuata. Baada ya 1.2.3 ni 1.2.4, baada ya 1.2.9 ni 1.3.0, na baada ya 0.9.9 ni 1.0.0. Kila sehemu, isipokuwa ile ya kwanza, mwisho wake ni 9. Ikijaa hurudi sifuri na kupeleka moja kwa jirani wa kushoto. Wajanja hugundua njia ya mkato: ondoa nukta zote, soma kilichobaki kama namba moja, ongeza moja, kisha rudisha nukta ukianzia kulia. Hata hapo pana mtego, maana 0.0.1 ikivuliwa nukta hubaki 1, na jibu lake, 2, halina pa kuwekea nukta mpaka ulijazie sifuri kushoto. Kama zoezi la kujumlisha, chemshabongo hii ni nzuri. Kinachonisumbua ni somo jingine linaloingia kimyakimya, kwamba namba ya toleo ni namba moja yenye nukta ndani yake.

Ukweli ni kwamba hizo ni namba kadhaa zilizopangwa kwa ukuu, na kila moja inahesabu jambo lake. Katika utaratibu wa namba za toleo uliotungwa na Tom Preston-Werner, ambao maandishi yake ya 2.0.0 yalitoka mwaka 2013, sehemu ya kulia hupanda hitilafu zinaporekebishwa, ya katikati hupanda kinapoongezwa kitu kipya bila kuharibu cha zamani, na ya kushoto hupanda pale mabadiliko yanapoweza kuvunja programu nyingine zinazoitegemea. Utaratibu huo unasema wazi kwamba 1.9.0 hufuatwa na 1.10.0, kisha 1.11.0. Ni kama sura na aya: Surat al-Baqara ina aya 286, na hakuna anayedhani kwamba aya ya kumi inapaswa kufungua sura mpya. Sehemu ya kushoto ikipanda, mtumiaji anaonywa ajiandae. Onyo hilo haliwezi kuzaliwa kwa sababu tu marekebisho madogo yametimia kumi.

Yanayotokea nukta ikisomwa kidesimali yameshaonekana. Python 3.9 ilitoka Oktoba 2020, na 3.10 ikafuata Oktoba 2021. Walioandika 3.10 bila alama za kunukuu katika mafaili ya mipangilio ya YAML waliona mashine ikiisoma 3.1, kwa kuwa sifuri ya mwisho haina thamani katika desimali, kisha ikienda kutafuta Python ya miaka mingi nyuma. Kisa cha Linux kinafanana zaidi na chemshabongo yetu. Kerneli yake ilikuwa ikifungasha namba za toleo ndani ya namba moja, na sehemu ya mwisho ilitengewa biti 8, yaani kutoka 0 hadi 255. Februari 2021 matawi mawili ya muda mrefu yalifika 4.4.256 na 4.9.256. Kwa hesabu ile, 256 ilimwagikia kushoto, na 4.4.256 ikalingana kabisa na 4.5.0. Watunzaji wakaweka kikomo, namba inayosomwa na programu nyingine isivuke 255. Kile ambacho chemshabongo inakiita jibu sahihi, wao walilazimika kukizuia kama hitilafu.

Mtu anaweza kusema kwamba Linux yenyewe hupeleka moja kushoto: 3.19 ilifuatwa na 4.0 mwaka 2015, na 4.20 ikafuatwa na 5.0 mwaka 2019. Ni kweli, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hakuficha kwamba alifanya hivyo kwa sababu namba zilikuwa zimekua mno. Lakini tazama zilipokomea: mara moja 19, mara nyingine 20. Kikomo kilichowekwa na kanuni kisingehama. Hapa mtu aliamua. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mashine inahitaji namba moja inayopanda tu, ili ijue kipi ni kipya. Hitaji hilo ni la kweli, na Android imelijibu kwa kuvitenganisha vitu viwili. Kila programu hubeba namba kamili inayotumiwa na mfumo kulinganisha matoleo, na kando yake jina la toleo lenye nukta, ambalo mtumiaji huonyeshwa. Ya kwanza unaweza kuiongeza moja kila mara bila kufikiri. Ya pili inataka uamuzi.

Chemshabongo yenyewe inarekebishika kirahisi. Mpe mwanafunzi toleo pamoja na aina ya badiliko, apandishe sehemu inayohusika na kuzirudisha kwenye sifuri zote zilizo kulia kwake. Rekebisho dogo juu ya 1.9.9 limpe 1.9.10; badiliko linalovunja limpe 2.0.0. Kisha aombwe kupanga 1.9, 1.10 na 1.2 kwa mfuatano. Akizilinganisha kama maandishi, 1.10 itatangulia; akizisoma kama desimali, 1.9 itakuwa ya mwisho, na njia zote mbili zitampotosha. Itambidi akate kwenye nukta na kulinganisha kila sehemu peke yake.