Kungoja habari za binti aliye vitani huleta maradhi

SIKU moja ya Machi 2003, siku chache baada ya Marekani kuvamia Iraq, mzee Claude Johnson wa El Paso, Texas, alikuwa akibadilisha stesheni za televisheni akimtafutia mjukuu wake vibonzo. Badala ya vibonzo akaona picha za binti yake, Shoshana, mpishi wa jeshi, akihojiwa na waliomteka. Mzee huyo mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu.

Msafara wa Shoshana ulipotea njia ukashambuliwa mjini Nasiriyah mnamo Machi 23. Askari 11 walikufa. Mmoja wao alikuwa Lori Piestewa, dereva wa miaka 23 kutoka jamii ya Wahopi huko Arizona, mwanamke wa kwanza wa jeshi la Marekani kuuawa katika vita hivyo. Lakini wazazi wake, Terry na Percy, waliambiwa tu kwamba hajulikani aliko. Walikaa hivyo hadi mapema Aprili, maiti yake ilipopatikana.

Siku kama hizo ndizo zinazovunja afya ya mzazi. Hawezi kuweka matanga, wala hawezi kutulia. Mwili wake hukesha kama wa mtu anayengoja hodi ya usiku wa manane: moyo humwenda mbio, usingizi humpaa, chakula hakipiti, na mwenye shinikizo la damu husahau dawa zake. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, ambaye alichunguza familia za wanajeshi waliopotea Vietnam, aliueleza msiba huu usio na uhakika kuwa mgumu kuliko mwingine. Hapa Kenya, jamaa za askari wa El Adde waliongoja matokeo ya DNA mwaka 2016 hawahitaji kuelezwa.

Mambo madogo husaidia. Chagueni mtu mmoja wa kupokea simu zote na kuwajibu majirani. Zimeni televisheni saa za kulala. Mgonjwa wa presha au kisukari asimamiwe ameze dawa. Na mwangalieni baba zaidi, hasa akiwa alikuwa askari, kama Terry aliyepigana Vietnam. Wanaume wa namna hii hujifanya chuma mpaka waanguke.

Lori aliacha watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 3, wakalelewa na babu na nyanya yao. Mtoto wa umri huo aambiwe wazi kwamba mama amekufa na hatarudi. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, atamngoja mlangoni. Ataliuliza swali lile lile mara nyingi. Mjibu vile vile kila mara. Nyanya naye asijifiche akilia kila siku. Mtoto akimwona analia, kisha anafuta machozi na kupika chakula, atajua kwamba huzuni haiui.

Huzuni ya kufiwa na mwana si ugonjwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani sasa linatambua aina moja kuwa ugonjwa: ile inayopita miezi 6, ikizidi desturi za jamii ya mfiwa, na kumzuia kufanya kazi zake. Huyo ampate daktari au mshauri nasaha, wala asiambiwe ajipe moyo.

Na anayerudi hai? Shoshana aliokolewa baada ya siku 22, akiwa na majeraha ya risasi miguuni, na baadaye alisema waziwazi kwamba vita vilimwachia maradhi ya akili. Jamaa wasimlazimishe binti kama huyo kusimulia, wala wasimkatize anapoanza mwenyewe. Akishtuka kwa kishindo cha mlango, akikesha, akikwepa watu au akitafuta nafuu kwenye chupa, mpelekeni hospitali mapema. Akizungumzia kufa, mpelekeni siku hiyo hiyo na msimwache peke yake.